Mkeka wa Kumi na Nne

Bupe alivuta pumzi, akafumba macho, akapuliza. Gololi nyekundu ndani ya mrija wa kioo ilipanda hadi alama ya tano, ikatetemeka hapo kama inayofikiri, kisha ikaanguka. Mtoto akaanza kukohoa. Tusekile aliweka mkono mmoja kifuani pake na mwingine mgongoni, akamsubiri amalize, ndipo akaandika tano kwenye daftari.

"Wiki iliyopita ilikuwa sita, bibi," Bupe alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Gololi nayo ina siku zake," Tusekile alimjibu. "Leo imeamka na uvivu."

Mtoto alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi tena. Mwaka mmoja tu nyuma, msichana huyu alikuwa akimfunga mdogo wake mgongoni na kupanda naye kilima mbio, huku akiimba. Tusekile alikumbuka vizuri. Laiti angekuwa amesahau.

Nje, mama yake Bupe, Sekela, alikuwa akifagia jivu juu ya paa kwa ufagio mrefu, kama ilivyokuwa desturi ya kila nyumba ya Itebela kila asubuhi tangu mlima uanze kupumua. Mwaka wa tisa huo. Jivu lilishuka laini kama unga wa muhogo, likaingia kwenye maji, kwenye nguo, kwenye vitanda. Watu wazima walilikohoa wakaendelea na kazi. Watoto ndio lililowakaa vifuani, likawanyausha taratibu kama mche uliopandwa mwambani.

Sekela alipomwona Tusekile anafunga daftari, aliuegemeza ufagio ukutani, akaingia jikoni, akatoka na magimbi ya moto ndani ya jani la mgomba.

"Usikatae, mama," alisema. "Unazunguka nyumba zote hizi na magoti hayo. Nani anakupikia?"

Tusekile aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Hakuyala. Kwa miezi mingi sasa hakuweza kumeza chochote kilichotoka katika nyumba ile. Aliwagawia watoto aliokutana nao njiani, akasimama kuwatazama wakila, na hata hilo halikumpa nafuu.

*

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kufungua orodha.

Dokta Mwanaidi Shekiondo alimkuta Tusekile amekwisha fika kwenye ghala la mikeka. Dokta alikuwa binti wa Tanga, mwembamba, mwenye mazoea ya kusahau kula na kukumbuka shida za wengine. Alipogundua kwamba magoti ya Tusekile yanamsumbua, alimpa kiti pekee chenye mto hapo ghalani, yeye akawa anakalia kasha. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na kiti hakukirudia.

Yeye ndiye aliyeitengeneza mikeka hai. Alichukua ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe ya mtoni, akazibadilisha chembe zake maabarani ili uishi kwa kula jivu, kisha akauotesha katikati ya milulu, yale majani marefu ya kusukia mikeka. Mtoto akilalia mkeka huo usiku kucha, ukoga ungenasa jivu lililotoka kwenye pumzi yake na lile lililotua kitandani. Ndani ya chupa ulikula jivu vizuri. Juu ya kitanda cha mtoto, nani alijua?

Tusekile alikuwa amesuka milulu tangu usichana wake, miaka arobaini sasa. Kwa hiyo Dokta alimwajiri asimamie usukaji, kisha akamwachia pia ugawaji na daftari, kwa kuwa hakuna nyumba Itebela isiyomwamini. Na kwa kuwa hakupenda mtu afanye kazi asiyoielewa, alikaa naye mchana mzima akimweleza.

"Tukiwapa watoto wote mikeka hai, na mwakani vifua vikapona, nitajuaje ni mkeka?" alimuuliza siku ile. "Huenda upepo uligeuka. Huenda maharage yalistawi, watoto wakashiba. Kwa hiyo sitini tunawapa mkeka hai. Sitini wengine tunawapa mkeka wa rangi ile ile, wenye ukoga wa kawaida. Kitu kimoja tu tunakibadilisha, vingine vyote vifanane. Hicho kimoja tunakiita kigeu."

"Kigeu," Tusekile alirudia. "Kama mume wa kwanza wa dada yangu."

Dokta alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha Tusekile aliuliza swali lililokuwa likimkera: nani atachagua mtoto wa kupata na wa kukosa? Dokta alimwambia hakuna. Wazazi wataokota vijiwe vyenye namba kikapuni. Kura haimwonei mtu huruma, wala haimchukii. Watoto wadhaifu wataangukia nusu huku na nusu kule, wenye afya vivyo hivyo, na makundi mawili yatakuwa sawa pasipo mkono wa mtu. Orodha ya namba zipi ni hai na zipi si hai ilifungiwa mjini, hata yeye Dokta asiione hadi mwisho, moyo wake usije ukaelemea upande.

Ilipangwa pia kwamba kila mtoto apulize mrija kabla ya kupewa mkeka. Lakini barabara ilifukiwa na jivu, na mirija ikachelewa miezi miwili. Dokta aliamua kutongoja, maana watoto walikuwa wanazidi kuumwa. "Tutaitegemea kura," alisema. "Kura ikiwa safi, inatosha."

Sasa alikuwa ameishika ile orodha mkononi, karatasi mbili tu. Alizilaza kando ya daftari la Tusekile, akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Kisha aliinuka, akamimina chai, akamwekea Tusekile kikombe mbele yake kabla ya kujimiminia mwenyewe.

"Waliolalia mikeka hai, kwa wastani, wanafika nne na nusu," alisema. "Wale wengine, tano na nusu."

Tusekile alikizungusha kikombe mezani.

"Si kwamba haikusaidia, mama. Imewadhuru. Nimechukua watoto sitini nikawalaza juu ya kitu kinachowaumiza, na nikawaambia wazazi wao wanishukuru." Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Baraza la Afya la Mlimani, alieleza, lilikwisha agiza kwamba matokeo yakiwa mabaya mikeka yote ikusanywe na kuchomwa kufikia Alhamisi, pamoja na mapipa ya mbegu ya ukoga. Akamwomba Tusekile aanze kuikusanya siku hiyo hiyo, kwa nyumba zenye watoto walio dhaifu zaidi.

"Nisamehe kwa kukutuma," aliongeza. "Wewe watakufungulia mlango. Mimi sijui nitawatazamaje."

Tusekile alikunywa chai yote, moto vile vile, ili apate sababu ya kutokwa na machozi.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Gwakisa, aliyelelewa na bibi yake. Mwaka jana, siku ya kuokota vijiwe, mtoto huyu aliletwa amebebwa kwenye kanga. Alikuwa na miaka mitano na uzito wa mtoto wa miwili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na kila alipovuta pumzi shimo lilijichimba juu ya kifua. Bibi yake alikuwa amekwisha muulizia fundi mbao, kimyakimya, habari ya sanduku dogo.

Leo Gwakisa mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa ameshika kipande cha kiazi, na shavu lake moja limejaa.

Bibi yake aliposikia kwamba mkeka unachukuliwa, aliingia ndani asirudi. Tusekile alimfuata, akamkuta ameketi juu yake, miguu ameinyoosha.

"Mwambie Dokta nimeupoteza," alisema. "Mwambie umeliwa na panya. Wewe si mwenzangu? Ulimwona alivyokuwa."

Tusekile aliinama, akapenyeza kiganja chini ya mkeka. Ulikuwa na joto. Joto dogo, la upande wa chini tu, kama la kiota kuku akishainuka. Ndilo lile lile alilolihisi ghalani mwaka jana, jioni ya siku ya kura, alipokuwa akipanga mikeka ya kugawa kesho yake. Wataalamu walisema hakuna binadamu awezaye kuitofautisha. Walikuwa wameipima kwa macho na kwa pua. Hawakumpima msusi.

Jioni ile aligundua kwamba anaijua mikeka hai kama anavyowajua watoto wa Itebela. Akafungua daftari, akaona namba ya Gwakisa, sabini na saba. Akaugusa mkeka wa sabini na saba, ulikuwa baridi. Akaugusa wa kumi na nne, ulikuwa na joto, na wenye namba hiyo alikuwa Bupe, binti wa Sekela, ambaye adhuhuri ile ile alikuwa akirukaruka uani akikamata majivu kwa ulimi. Tusekile alirudia kuigusa yote miwili. Kisha akachana ukurasa, akaandika mwingine, akazibadilisha namba zao. Baada ya mmoja ilikuwa rahisi. Aliona mwingine mwenye midomo ya zambarau, na mwingine. Alipomaliza walikuwa ishirini na saba kwa ishirini na saba, na ule ukurasa wa kwanza aliuchoma jikoni kwake. Usiku ule alilala vizuri. Hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote alipokuja kulikumbuka.

"Kaa nao," alimwambia bibi yake Gwakisa. "Usimpe mtu yeyote."

Akageuka, akarudi ghalani kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa yameizoea.

*

Alisema akiwa amesimama. Kiti chenye mto alikiacha.

Dokta alimsikiliza hadi mwisho pasipo kumkatiza, na swali lake la kwanza halikuwa lile Tusekile aliloliogopa.

"Uliijuaje?"

Tusekile alimshika mkono, akaupenyeza chini ya mkeka hai uliokuwa mezani. Dokta alingoja, akatikisa kichwa. Hakuhisi kitu. Tusekile akamwambia kwamba hata yeye asingehisi kabla ya kusuka mikeka elfu moja.

"Wadhaifu wote uliwapa hai."

"Niliowaona. Na mikeka hiyo niliichukua kutoka kwa wenye nguvu. Nilidhani wana akiba." Akamwonyesha viganja vitupu. "Sikumpa ndugu yangu, Dokta. Sikupokea hata yai la mtu."

"Najua, mama. Ungekuwa mla rushwa ingekuwa nafuu. Mla rushwa angechanganya wagonjwa na wazima." Dokta alivuta orodha. "Gwakisa angepuliza ngapi bila mkeka?"

"Angekuwa kaburini."

"Anapuliza nne. Na nne yake imeshusha hesabu ya kundi lake." Alizungumza polepole, akijieleza mwenyewe zaidi ya kumweleza mwenzake. "Niliuliza mkeka una nguvu gani. Jaribio likanijibu nani alikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Vigeu viwili vimekwenda pamoja, na sikujua kwamba kipo cha pili."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa hiyo sikuwadhuru," alisema ndani ya viganja vyake. Tusekile, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, alisimama pale akiwa hajui aweke wapi mikono. Binti wa watu alikuwa ameubeba mzigo usio wake tangu asubuhi, na hata hakuwa ameuulizia ni wa nani.

Tusekile alijaribu kusaidia. Aliwataja wote hamsini na wanne kwa majina, jozi kwa jozi, na Dokta akaandika. Akapendekeza warudishwe kwenye karatasi, kila mmoja mahali alipokuwa. Dokta akasema watoto walilala walikolala. Karatasi haibadilishi usiku mia tatu. Basi wapimwe wale sitini na sita ambao hakuwagusa, Tusekile alisema.

"Hata hao uliwaangalia kwanza," Dokta alijibu. "Uliwaacha kwa sababu uliona wanafaa walipo. Kura ilikuwa moja tu, na haipo tena." Kisha sauti yake ikawa ngumu kwa mara ya kwanza. "Ungeniibia mikeka, ningeotesha mingine. Mwaka mzima, mama. Mlima huu una watoto elfu nne."

Tusekile aliomba asiombewe radhi na mtu. Jioni ile, kwenye redio ya mawasiliano, alilieleza Baraza kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa ikikatika kwa kelele za mitambo, hata akalazimika kusema mara mbili maneno ambayo mara moja tu yalimshinda.

Baraza lilizuia kuchoma. Wenye mikeka hai waliachiwa. Mikeka mipya ingeoteshwa kwa miezi mitano, na yote ingekwenda kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa watoto ambao mkono wa mtu haujawachagua. Jaribio lianze upya, mwaka mzima tena. Watoto wengine wote wangengoja. Tusekile aliuliza kama watoto ishirini na saba aliowaweka kando wangepata hata mikeka michache. Upande wa pili wa redio mtu alishusha pumzi, akasema kwamba mbegu haitoshi.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Sekela. Alimkuta akipukuchua maharage kwenye ungo, Bupe amelala ndani. Sekela alisogea kumpa nafasi kwenye jamvi, na Tusekile akabaki amesimama.

Alimwambia. Hakuanza na Gwakisa, ingawa njiani alikuwa amepanga kuanza naye. Alianza na Bupe.

Sekela aliendelea kupukuchua. Maganda yalianguka, maharage yakaanguka.

"Nilikuambia ni kumi na nne," alisema mwishowe. "Siku ya kuchukua mkeka, kijiwe nimekwisha kirudisha. Nikakuambia, mama, mimi niliokota kumi na nne. Ukacheka. Ukasema mama Bupe, umeanza kuzeeka kabla yangu."

"Nilisema."

"Nikacheka na mimi. Nilikwenda nyumbani nikijiuliza kama kichwa changu kizima." Aliinua uso. "Ulipouandika ule ukurasa, ulimfikiria mwanangu? Au uliona namba tu?"

Tusekile angeweza kusema aliona namba. Pengine mama angeweza kuishi na jibu hilo.

"Nilimfikiria," alisema. "Nilimwona anakimbia."

Sekela aliweka ungo chini. Ndani mtoto alianza kukohoa, na wote wawili wakageuza vichwa mlangoni kwa pamoja, kama watu wa nyumba moja.

"Nenda nyumbani, mama," Sekela alisema. "Usiniombe kitu leo. Sina."

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi walikutana bombani, wanawake wengine wakasogea kuwapisha. Sekela alijaza ndoo yake, akaitwika, akaondoka hatua tatu. Halafu, bila kugeuka, akasema kwamba Bupe anahitaji kupigwa mgongo kila asubuhi ili makohozi yatoke, na yeye mikono yake imechoka. Kama Tusekile ana mikono inayojua mambo, ailete.

Aliipeleka. Kila asubuhi kwa miezi mitano alimlaza mtoto kifudifudi magotini, akampigapiga kwa viganja vilivyokunjwa. Sekela hakuzungumza naye. Ila asubuhi moja ya baridi alikuta kigoda kimesogezwa karibu na moto, na asubuhi zilizofuata kilikuwa hapo hapo. Gololi ilibaki kwenye tano. Mara moja ilifika sita, na siku iliyofuata ikarudi nne.

*

Ng'ambo ya mto walikusanyika kwenye uwanja wa shule, akina mama mia moja na ishirini na watoto wao, vitambaa puani.

Tusekile alikuwa amemwomba Dokta amfukuze kazi. Dokta alikataa. Alimwambia kwamba sasa kuna mtu mmoja tu duniani anayejua jaribio hili linavyoweza kuvunjika, na hatamwacha akae nyumbani. Basi Tusekile alimweleza la kufanya: kila mkeka, hai na usio hai, ulazwe juu ya chupa za maji ya moto kabla ya kugawiwa, joto liwe moja. Ufunguo wa ghala aliukabidhi mwenyewe. Daftari lilishikwa na mwalimu wa pale, asiyemjua mtoto yeyote kwa jina kwa kuwa alihamia juzi, na mirija ilikuwa imefika mapema; kila mtoto alikuwa amekwisha puliza. Kazi yake Tusekile ilikuwa kushika kikapu cha vijiwe mbele ya watu wote, mikono ikionekana.

Walikuja mmoja mmoja. Aliwasalimu, wakaokota, wakasogea kwa mwalimu.

Akafika mama mmoja kijana, amebeba mtoto wa kiume upande wa bega. Mtoto alikuwa na miaka minne hivi. Tusekile hakuhitaji mrija. Aliiona midomo, akaliona lile shimo linalojichimba juu ya kifua, na viganja vyake vikaanza kuwasha.

Yule mama alipenyeza mkono kikapuni, akazungusha muda mrefu kuliko wengine, akatoa kijiwe. Hakukipeleka kwa mwalimu. Alikishika wazi mbele ya Tusekile, hamsini na tatu, akamtazama machoni.

"Hiki ni kizuri, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye wa mikeka. Niambie tu kama ni kizuri."

"Sijui, mwanangu."

"Nikirudishe nichukue kingine?"

Nyuma yake kulikuwa na mtoto mnene wa miaka saba, ameshika sketi ya mama yake, akiruka kwa mguu mmoja ili asichoke kusubiri. Tusekile alimwona. Akawaona wote wawili, na hakuna mkeka alioweza kuufikia.

"Nenda nacho kwa mwalimu," alisema. "Kweli nakuambia. Sijui."

Mama yule alisimama kidogo zaidi, akimchunguza uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alipoona hapana kitu, alifunga kiganja, akampandisha mtoto vizuri begani, akaenda.

Tusekile alikitikisa kikapu, vijiwe vikagongana. Alingoja vinyamaze. Kisha akakiinua kikapu kwa yule anayeruka kwa mguu mmoja, kimo kile kile.